Dhahabu ya Kakamega na Siri ya Msomaji

Kila kitu cha thamani kina mwenyewe, na kila mwenyewe ana adui wawili: mwizi amvunjiaye mlango, na mgeni mwenye tabasamu ambaye humkaribisha mwenyewe. Mwizi hupigiwa kelele. Mgeni huandaliwa kiti. Insha hii yamhusu mgeni. Amekaa katika simu ya baba yako, katika kompyuta ya shule yako, na katika kila saiba iliyo kando ya njia tangu sokoni Kakamega hata lango la Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Jina lake ni kivinjari, yaani ile programu ambayo kwayo unafungua kurasa za intaneti. Wengi wetu hatukumchagua mgeni huyu. Tulimkuta amekwisha kuketi, na uvivu wetu ukamwita mwenyeji. Nasema kuwa ni wajibu wa kijana aliyesoma kumwuliza anatoka wapi, anataka nini, na kama hapana mwingine afaaye kuliko yeye.

Nitaanza kwa aibu yangu mwenyewe. Siku moja ya likizo niliingia saiba moja mjini ili niandike barua. Katika kiti nilichopewa alikuwa ameondoka punde msichana wa shule. Uso wake sikuujua, lakini sare yake niliitambua. Nilipobonyeza herufi mbili tu za neno nililotaka kutafuta, kivinjari kilinishushia orodha ya maswali aliyokuwa ameuliza yeye. Yalikuwa maswali matano juu ya maradhi ambayo msichana huyataja kwa sauti ya chini, tena mbele ya mama yake au daktari peke yake. Sikuyatafuta, yaliletwa mbele yangu kama chakula mezani. Niliyasoma yote kabla macho yangu hayajakumbuka adabu. Nikatoka nikijua habari za mtoto wa watu ambazo yamkini baba yake hazijui, na yeye alikuwa njiani akirudi kwao, akidhani kuwa siri yake kaiambia chuma.

Nilijaribu kumtendea wema kwa kuifuta orodha ile. Niliifuta katika mashine. Lakini maswali yale yalikuwa yamekwisha kusafiri mbali, yakaandikwa katika daftari ambazo mkono wangu hauzifikii. Mimi nilioneshwa siri ile kwa bahati mbaya, nikaona haya. Kampuni haioni haya, ina hesabu.

Sasa sikiliza, msomaji, jinsi hesabu hiyo inavyofanywa, maana mtu hawezi kukataa jambo asilolijua. Unapofungua ukurasa mmoja wa habari, aghalabu huufungui peke yake. Ukurasa huo umebeba vipande vya kampuni nyingine, za matangazo na za kuhesabu wasomaji, na kila moja huitwa kimyakimya na kivinjari chako. Kampuni hizo zinaweza kuacha katika simu yako alama ndogo iitwayo kidakuzi. Kidakuzi kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, kwa nia njema: tovuti ikukumbuke urudipo, kama muuza duka anavyomkumbuka mnunuzi wake. Lakini muuza duka wa Lurambi akikukumbuka dukani kwake ni jambo moja. Mtu akikufuata toka duka hilo hata zahanati, toka zahanati hata kanisani au msikitini, akiandika kila mlango unaobisha, ni jambo jingine. Kampuni moja iliyo na kipande chake katika tovuti elfu hukuona katika zote elfu, na alama yake ikisomwa kila mahali, safari zako zote huunganishwa zikawa hadithi moja. Hata bila ya kidakuzi unaweza kutambuliwa kwa upana wa kioo chako, aina ya simu yako, lugha uliyoichagua na saa za nchi yako, kama vile mtu anavyotambuliwa gizani kwa mwendo wake.

Huenda ukasema, "Mambo haya ni ya Ulaya na Marekani, Kakamega yatuhusu nini?" Hapa ndipo ninapotaka ukumbuke historia ya ardhi unayoikanyaga.

Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa karibu na Kakamega. Wachimbaji wa Kizungu wakamiminika, wakapiga mahema, wakapima, wakachimba mashimo katika mashamba ya watu. Mwenye shamba alikuwa amelima mahindi na wimbi juu ya udongo ule maisha yake yote. Aliyejua bei ya kilichokuwa chini yake alikuwa mgeni. Mwaka mmoja kabla, yaani 1930, serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria iliyotamka kwamba ardhi ya hifadhi ni ya wenyeji milele, na kwamba kipande kikitwaliwa, wenyeji watapewa ardhi nyingine badala yake. Maneno yalikuwa mazuri. Lakini mwaka 1932, dhahabu ilipokwisha kung'aa, sheria ile ilirekebishwa: ardhi ikaweza kutwaliwa kwa uchimbaji kwa fidia ya fedha tu, bila ya kutoa ardhi nyingine, na bila ya baraza la wenyeji kushauriwa kwanza. Neno "milele" liliishi miaka miwili.

Mafunzo ya jambo hili ni mawili. La kwanza ni kuwa anayechimba hujua thamani ya mali kabla ya mwenye mali. La pili ni kuwa ahadi ya mchimbaji hudumu kadiri dhahabu isivyoonekana. Leo dhahabu inayotafutwa ni habari zako: unapenda nini, unaogopa nini, unaumwa nini, una fedha au huna, unalala saa ngapi.

Chukua mfano wa kivinjari kinachotumiwa na watu zaidi ya nusu duniani, nacho ni Chrome cha kampuni ya Google, kilichotolewa mwaka 2008. Ni chepesi, ni cha bure, na waliokitengeneza ni mafundi hodari. Nisingekuwa mkweli nikisema vingine. Lakini uliza chakula cha kampuni hiyo hutoka wapi. Mwaka 2023 zaidi ya robo tatu ya mapato ya Alphabet, kampuni inayoimiliki Google, ilitokana na matangazo, na tangazo huuzwa bei zaidi kadiri muuzaji anavyomjua zaidi atakayelitazama. Basi kivinjari hicho kimeajiriwa na mabwana wawili. Wewe unakitaka kikufungulie mlango. Tajiri wake anataka kujua nani amepita mlangoni. Mtumishi wa mabwana wawili humsikiliza yule amlipaye.

Mwezi wa Januari 2020 Google iliahidi kwamba katika muda wa miaka miwili Chrome kitaviondoa vidakuzi vya kampuni za kando, vile vinavyomfuata mtu toka tovuti hata tovuti. Miaka miwili ikapita, siku zikasogezwa mbele, zikasogezwa tena. Mwezi wa Julai 2024 kampuni ikatangaza kuwa imeliacha shauri hilo, na vidakuzi vikabaki. Wakati huohuo kivinjari cha Firefox kilikuwa kimekwisha kuwazuia wafuatiliaji wengi wanaojulikana tangu mwaka 2019, na Safari cha Apple kikavifungia kabisa vidakuzi vya namna hiyo tangu Machi 2020. Kwa hiyo usiambiwe kwamba jambo lilikuwa gumu. Lilitendwa na wengine. Lilikuwa gumu kwa yule tu ambaye dhahabu yake imo humo.

Tena tazama nguvu ya mazoea. Katika kesi iliyoamuliwa mwezi wa Agosti 2024, jaji wa Marekani, Amit Mehta, aliamua kwamba Google ilikuwa imeshika ukiritimba wa kutafuta habari kinyume cha sheria. Katika kesi hiyo ilidhihirika kuwa kwa mwaka mmoja tu, 2021, kampuni ililipa dola 26,300,000,000 ili injini yake ya kutafutia iwe ndiyo iliyokwisha kuwekwa katika simu na vivinjari vya watu. Fikiri sana juu ya hesabu hiyo. Tajiri hatoi fedha nyingi namna hiyo kwa kitu kisicho na faida. Alilipa kwa sababu anajua tabia yako: kwamba kilichowekwa mbele yako hutakiondoa. Amenunua uvivu wa binadamu kwa jumla, na wewe umo katika mzigo.

Najua majibu utakayonipa, kwa kuwa nimeyasikia katika madarasa na katika matatu.

Jibu la kwanza ni hili: "Mimi sina la kuficha." Wengine huliongezea methali, ya kuwa mficha maradhi kifo humwumbua. Methali ni ya kweli, lakini yasema habari za kumwambia tabibu. Haisemi umwambie mchuuzi. Wala kuficha si dalili ya uovu. Wafunga mlango uogapo, na kuoga si dhambi. Kumbuka pia kipande. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika wa Kenya aliyetimiza miaka kumi na sita alitakiwa kuchukua karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, mwajiri wake na ujira wake, nayo ilitiwa katika kikebe cha chuma, na wengi walikivaa shingoni. Watu wale hawakuwa wezi. Hawakuwa na la kuficha. Lakini tajiri alisoma katika kipande ujira ambao mtu alilipwa kwingine, naye akajua asimzidishie. Na mtu hakuwa na haki ya kusoma mfuko wa tajiri. Harry Thuku na wenzake walipolalamika juu ya kipande mwaka 1921, hawakutetea siri ya uovu. Walitetea heshima ya mtu kutosomwa na kila mwenye nguvu. Kipande cha leo hakina uzito shingoni, na ndiyo maana hatukisikii.

Jibu la pili: "Nitatumia hali fiche." Hali fiche hufuta nyayo zako katika simu au mashine unayoitumia, yafaa sana katika saiba, na lau msichana yule angaliijua, nisingalisoma maswali yake. Lakini haikufichi kwa tovuti unazozitembelea. Mwaka 2020 watu wa Marekani waliishtaki Google kwamba iliendelea kukusanya habari zao walipokuwa katika hali fiche ya Chrome. Shauri lilimalizwa kwa mapatano mwaka 2024, na kampuni ikakubali kuharibu kumbukumbu mabilioni na kuwaeleza watu wazi zaidi juu ya kinachokusanywa. Mtu hawezi kuharibu kumbukumbu ambazo hakuzikusanya.

Jibu la tatu ni la fukara, nami naliheshimu: "Bando ni ghali, na simu yangu ni dhaifu." Hakika kushusha kivinjari kipya kunagharimu bando, lakini ni mara moja. Matangazo hula bando lako kila siku, kwa picha usizoziomba. Kivinjari kinachoyazuia hukurudishia zaidi ya ulichotumia. Ila hapa nakuonya juu ya urahisi wenye madhara. Kwa miaka mingi watu wetu walipenda Opera Mini, kwa kuwa hubana kurasa zikawa ndogo. Hubanaje? Katika hali yake ya kubana sana, ukurasa hupitia kwanza katika mitambo ya kampuni, ukatengenezwa huko, ndipo ukaletwa kwako. Waweza kuukubali mpango huo kwa kusoma habari za mpira. Lakini ujue kuwa barua yako imepita katika mkono wa mtu wa tatu. Rahisi huvunja upishi.

Jibu la nne: "Sheria ya nchi inatulinda." Ndiyo, na tujivunie. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 champa kila mtu haki ya faragha, pamoja na haki ya habari za jamaa yake na mambo yake ya binafsi kutodaiwa wala kufichuliwa bila ya sababu, na mawasiliano yake kutoingiliwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 iliweka Kamishna wa kuisimamia. Mwaka 2023 ofisi yake iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Lakini sheria huja nyuma ya jambo. Mwaka huohuo wa 2023 maelfu ya watu walipanga foleni Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha na Worldcoin, kwa ahadi ya sarafu za mtandaoni zilizokadiriwa kuwa za shilingi elfu saba hivi. Serikali ikasimamisha kazi ile mwezi wa Agosti, na Mahakama Kuu ikaamuru habari zile zifutwe mwezi wa Mei 2025. Picha zilipigwa kwa sekunde. Amri ilichukua karibu miaka miwili. Ukifunga mlango wako mwenyewe leo, huhitaji kumngoja hakimu.

Basi ufanye nini? Nitakutajia njia chache, pamoja na kasoro zake, kwa kuwa anayesifu tu ni mchuuzi.

Firefox kilitolewa mwaka 2004 na Mozilla, shirika lisilokusudia faida. Huzuia wafuatiliaji wengi bila kuambiwa, na katika simu ya Android hukubali kuongezewa kizuia matangazo, jambo ambalo Chrome cha simu hiyohiyo hakilikubali. Kasoro yake ni kuwa sehemu kubwa ya fedha zake hutoka Google, kwa kuiweka kuwa injini yake ya kutafutia. Yakupasa uingie katika mipangilio ubadilishe, kwa mfano kwa kuchagua DuckDuckGo. Brave huzuia matangazo na wafuatiliaji tangu siku ya kwanza, na bando lako huliona tofauti. Kasoro yake ni kuwa kimejengwa juu ya msingi uleule wa Chromium ambao Google ndiyo fundi wake mkuu. Tena mwaka 2020 kilikutwa kikitia alama za kujipatia malipo katika anwani ambazo watu waliandika, na wenyewe wakaomba radhi baada ya kuonekana. Tor hupitisha habari zako katika mashine kadhaa za watu wa kujitolea, hata tovuti isijue unatoka wapi. Kasoro yake ni mwendo wa kinyonga. Humfaa zaidi mwandishi wa habari aliye hatarini kuliko mwanafunzi atafutaye maswali ya hesabu.

Waona kwamba hapana malaika kati yao. Lakini asiyeweza kupata mlinzi mkamilifu hapaswi kumwajiri mwizi. Tena mlango mpya haumfai mtu anayetoa siri zake dirishani. Ukibadilisha kivinjari kisha ukaingia kwa akaunti ileile na kumwaga humo kila jambo, umebadilisha jina la mgeni tu. Kampuni ya simu bado huweza kujua tovuti ulizozitembelea. Na katika saiba, ambako wengi wenu huombea nafasi za vyuo na mikopo ya masomo, kivinjari kizuri hakitakuokoa usipotoka katika akaunti yako, usipofuta historia, au ukikubali nenosiri lako lihifadhiwe katika mashine ya watu. Namba ya kitambulisho chako na namba yako ya mtihani ni funguo; usiziache kitini.

Nimalizie kwa jambo linalonigusa zaidi. Wewe ndiwe fundi wa simu katika nyumba yenu. Mama yako auzaye mboga sokoni, babu yako aliye Shinyalu au Malava, wakinunua simu hukuita wewe uwaandalie. Hawasomi masharti, wanakuamini wewe. Ukikiacha kilichokuja ndani ya kopo kama kilivyokuja, umechagua kwa niaba yao, ijapokuwa hukusema neno. Jumamosi hii chukua simu moja, fungua mipangilio, tafuta mahali paandikwapo programu za msingi, uone ni kivinjari gani kilichotawazwa, na nani alikitawaza. Weka kingine kando yake. Vitumie vyote viwili kwa wiki moja, upime mwendo, bando na utulivu wa kurasa. Kama baada ya kupima utarudi kwa kile cha kwanza, sitakulaumu. Utakuwa umerudi kwa akili, wala si kwa kuburutwa.

Msichana wa sare ile sikumwona tena. Kama anasoma maneno haya, na hajui kuwa ni yeye, namtaka radhi. Wazee wetu walichimbiwa mashamba yao kabla hawajaijua bei ya kilichokuwa chini. Wewe umekwisha kuijua. Ukiacha lango wazi baada ya leo, usiseme hukuambiwa.